Barua kwa mwanangu: daftari la waliokuja kukuulizia

Lushoto,
Jumapili, baada ya Alasiri.

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yetu. Najua ninyi vijana mnaona maneno haya yamechakaa. Mimi nimeyabeba kwenye magunia ya barua miaka 37 na sijapata mengine yanayolisema jambo hilo vizuri zaidi. Mguu wa mama yenu umepungua kuuma, ingawa kushuka Soni bado hawezi. Mvua zimeanza, na mparachichi wako umezaa mpaka matawi yanalalia bati.

Ujumbe wako nimeupata. Kaka yako alinisomea mara ya kwanza, kisha nikavaa miwani nikausoma mwenyewe mara mbili. Umeuliza hivi: "Baba, kuna shirika Dodoma limenipa kazi ya ofisa mawasiliano. Mshahara kila mwezi, bima ya afya, mkataba wa miaka mitatu. Ila hawataki niendelee na blogu. Niende, au nibaki na blogu yangu?" Na mwishoni ukaongeza kwamba una uchovu ambao kulala hakuuondoi. Hilo la uchovu limemkosesha mama yenu usingizi siku mbili.

Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwa simu ningetamka neno moja, na mimi na wewe tunajua neno moja la baba linaweza kufanya nini. Nimeona nichukue kalamu.

Nikisema kweli, kila nikijaribu kuandika "nenda" au "baki", mawazo yananirudisha kwenye ile bahasha. Ilikuwa 2016, nimebakiza miezi minne kustaafu. Gunia limepanda kutoka Mombo asubuhi, nimelimwaga juu ya meza, nachambua: za shule, za mahakama, za benki, za misikiti na makanisa. Barua za mtu kumwandikia mtu zilikuwa zimekwisha. Wiki nzima ingepita usione hata moja yenye mwandiko wa mkono. Katikati ya zile nikaona karatasi iliyokunjwa na kugandishwa pembeni, imetoka ng'ambo, ina S.L.P. yangu na jina lako lote, hadi la babu yako.

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilipanga barua za ng'ambo za watu wengine: za mapadre, za wenye watoto Ulaya, za wageni waliopenda milima yetu wakahamia. Yetu haikuwahi kupita mikononi mwangu. Ulikuwa umenieleza kwamba mapato ya matangazo kwenye blogu yako yakifika dola 10, Google wanatuma namba ya siri kwa posta, wapate uhakika kwamba mtu yupo na anapopokelea barua panajulikana. Na usipoijaza kwa miezi minne, matangazo yanasimama. Nilikusikiliza tu, sikuamini. Sasa nimeishika. Kampuni kubwa namna ile ya Marekani, yenye kuona kila kitu kwenye intaneti, ikitaka kujua kama binti yangu yupo inamtegemea mtu wa kaunta ya Lushoto. Nilifurahi kwa ajili yako na nilifurahi kwa ajili ya Posta, na mpaka leo siwezi kusema ni furaha ipi iliyozidi. Sikufunga kaunta kabla ya saa yake, lakini mchana kutwa mkono ulikuwa unaigusa mfukoni.

Nilikukuta chini ya mparachichi, pale mtandao unaposhika. Hukupiga kelele. Uliichana pembeni kwa ukucha, polepole, ukajaza zile tarakimu sita kwenye simu, ukasema, "Sasa wananijua." Siku ile niliamini kabisa, bila shaka yoyote, kwamba mwanangu ana kazi. Ndiyo maana nashindwa kujielewa kwa nililolifanya miaka miwili baadaye. Nitafika huko.

Mama yenu anataka nikukumbushe ulikotoka, anasema uchovu umekusahaulisha. Ulimaliza chuo cha kilimo, SUA, 2015 ukarudi nyumbani kusubiri ajira. Msimu ule shamba la nyanya la bondeni likaliwa na yule mdudu, kantangaze. Alikuwa ameingia nchini mwaka mmoja tu nyuma. Ninyi wasomi mnamwita Tuta absoluta, wakulima wakampa jina lao, nenda kanitangaze, kwa jinsi alivyomfanya mtu atoke shambani akilia. Mama yenu alipuliza dawa mara sita, akakopa ya mara ya saba, na nyanya zikatoboka vilevile. Wewe ukasoma usiku kucha, ukaja kutueleza asubuhi kwamba kiwavi anaishi ndani ya jani, anakula katikati ya ngozi zake mbili, na dawa inapita juu ya mgongo wa nyumba yake. Ukaandika. Kwa Kiswahili, na picha za nyanya za mama yako. Ukaeleza mitego yenye harufu ya jike inayowavuta madume, ukaeleza kufukia matunda yaliyoharibika na kutopanda nyanya pale palipotoka nyanya. Hakukutuma mtu. Hakukulipa mtu.

Halafu ukahamia Dar es Salaam ukaanza kuandika bei za soko la Ilala. Hapo ndipo ulipoishika nchi nzima ya milimani, na sidhani kama unajua ulifanya nini. Kabla yako, mkulima wa Soni alijua bei ya Ilala kwa mdomo wa dalali peke yake. Dalali akisema soko limeanguka, limeanguka. Wewe ulikuwa unafika sokoni alfajiri fuso zinaposhusha, unauliza tenga la nyanya, gunia la karoti, kabichi, pilipili hoho, na kabla jua halijakolea mtu wa huku anasoma kwenye simu yake. Na ile makala ya rumbesa! Ulipiga picha gunia la viazi lililoshonewa kilemba juu ya mdomo, ukalipima, ukaandika kwamba sheria inakataza gunia kuzidi kilo 100 na hili limezidi, na mkulima amelipwa kama gunia moja. Niliisoma kwa sauti msikitini baada ya Isha. Watu walinyamaza kama wanasomewa wasia.

Mimi nina neno langu, mnalijua, mlikuwa mnalisema kwa pamoja nikianza kulisema mezani: kazi ni ile ambayo ikikosekana watu wanakuja kuuliza. Nililipata kaunta. Barua ikifika salama hakuna anayekuja kushukuru, na haifai kushukuriwa, ndiyo iliyolipiwa stempu. Lakini isipofika, saa mbili kamili mtu yupo dirishani. Nilipokuwa kijana nikichoka, nilijiambia maneno hayo na kuamka.

Usidhani sikuziona dhiki zako. Niliona kwamba dola 100 ndipo walipe, na zile 100 za kwanza zilikuchukua miezi kumi na moja. Niliona kwamba miaka ile Kiswahili hakikuwemo katika lugha walizozikubali kwa matangazo, ikakubidi uandike na makala za Kiingereza ambazo hakuna mtu wa Mlalo aliyezisoma, ili tu ukubaliwe mlangoni. Niliona jinsi ulivyokuwa ukilinunua bando kabla ya unga.

Niliona na wizi. Yule mwenye blogu aliyekuwa akichukua bei zako nzima nzima na kubandika kwake, na siku ulipokosea ukaandika "karori", naye akaandika karori. Ulicheka uliponipigia. Mimi sikucheka. Mtu akifungua barua ya mwenzake posta anakwenda jela, lakini huyu alichukua alfajiri zako zote na akalipwa kwazo. Kama kuna jambo nililotamani kulitafutia sheria katika uzee wangu, ni hilo.

Na yule muuza viuatilifu aliyekupa fedha uandike kwamba dawa yake inamaliza kantangaze kwa siku mbili. Ulipokea nusu kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imepita siku tisa. Uliniambia baadaye, sauti imekukauka, kwamba ulikaa nayo siku nne ukairudisha. Ulidhani nitakukasirikia kwa kupokea. Mwanangu, mimi nimekaa karibu na fedha za watu, hawala za fedha za watu, maisha yangu yote. Siku nne si nyingi. Wapo waliokaa nazo mpaka wakazikwa nazo.

Na niliona kwamba hukuwa na Ijumaa wala Jumapili. Idi ulikuja nyumbani ukala na simu mkononi. Ulipougua taifodi wiki tatu, wasomaji wakapungua kwa sababu huandiki, na fedha ikapungua kwa sababu wasomaji wamepungua, yaani ulikatwa mshahara kwa kulazwa. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, ulinipigia ukiwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Nilikuelewa kuliko ulivyodhani. Barabara ya kutoka Mombo ikiporomokewa na udongo wakati wa masika, magunia yalikuwa yanakaa kule chini, na mimi nimekaa kaunta sina cha kumpa mtu. Tofauti ni kwamba mimi tarehe ya mshahara ilinikuta pale pale.

Sasa nifike kwenye 2018, maana bila hiyo barua hii haina maana.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka Machi. Ulikuja kwa basi, hukutuambia kama unakuja. Baada ya chakula ukatueleza: ada ya maombi laki moja, leseni milioni moja, ada ya mwaka milioni moja, jumla milioni mbili na laki moja, asiye na leseni faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Hukuomba moja kwa moja. Ulisema tu, "Sina." Na ukajua, kama nilivyojua mimi, kama alivyojua mama yenu aliyekuwa anatazama chini, kwamba katika kiinua mgongo changu zimebaki milioni tatu, nimezitenga kwa bati na mbao.

Ukanitajia Issa Michuzi, jinsi alivyoanza blogu 2005 na nchi nzima ikamfuata. Nikakujibu kwamba Michuzi alianza akiwa mpiga picha wa gazeti, ana pa kuchukulia mshahara. Jibu langu lilikuwa la kweli, na laiti ningeishia hapo. Lakini nikaongeza. Nilisema, "Milioni mbili na laki moja kwa ajili ya kuandika bei ya karoti? Hiyo si kazi, mwanangu. Ni mazoea."

Hukujibu. Ulikusanya vikombe, ukaviosha, ukavipanga vikiangalia chini kama mama yenu alivyokufundisha. Alfajiri nilisikia mlango. Basi la kwanza. Hukuniamsha kuniaga, na mimi nilikuwa macho, nimelala nikitazama dari ambalo halijawekwa.

Mwezi Juni ukaizima blogu. Hata JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, watu wakubwa, walizima kwa muda mwezi huo huo, na nikajiambia: unaona, si wewe tu, nilisema kweli. Nilijiambia hivyo kwa kama wiki tano.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa Mlalo, analima kabichi. Alinikuta nje ya Posta, nilikokwenda kufungua sanduku. Akaniamkia, akasema, "Mzee, binti wa Posta mbona haandiki? Nimepakia mara mbili kwa kubahatisha." Nikamwambia ana shughuli. Wiki ile ile akaja kijana wa kijiweni Soni, yule aliyekuwa akiwasomea wenziwe bei kwa sauti asubuhi kwenye kahawa. Kisha dalali wa Mombo. Dalali, mwanangu! Akalalamika kwamba siku hizi akitaja bei wakulima hawamwamini, wanasema ngoja tuone ya binti, na binti hayupo, biashara imekuwa ugomvi.

Usiku ule nilitafuta daftari. Kaunta tulikuwa na daftari la malalamiko: tarehe, jina la mlalamikaji, alikuwa anatarajia nini, kutoka wapi, namba ya risiti kama ipo. Mkono ulichora mistari wenyewe. Nikaandika mama wa Mlalo, kijana wa kijiweni, dalali. Kwenye safu ya "alichotarajia" nikaandika: bei za Jumatatu. Kwenye safu ya "kutoka kwa" nikaandika jina lako.

Waliendelea kuja. Mwalimu wa sayansikimu aliyekuwa akitumia makala zako za wadudu darasani. Mzee aliyepanda kutoka Bumbuli kwa ajili ya jambo jingine kabisa, akaulizia na hilo. Mwanamke mmoja hakuuliza bei wala mdudu. Aliuliza kama u mzima, maana "mtu hawezi kunyamaza hivi akiwa mzima". Huyo nilishindwa kumjibu vizuri. Jina la 17 ni la mama yenu. Alinikuta sebuleni naandika wa 16, akasimama mbele ya meza kama mteja, akasema, "Niandike na mimi." Nikamwandika. Hatukuongea tena siku ile.

Mpaka mwisho wa Desemba walikuwa 31. Kazi ni ile ambayo ikikosekana watu wanakuja kuuliza, nilikuwa nimelisema mwenyewe miaka yote, tena mezani, tena kwa kidole juu. Na wa kwangu mwenyewe nikamwambia ana mazoea.

Januari nikakutumia milioni moja. Nilikuambia nimeuza mikaratusi. Sikuuza mikaratusi, nenda uitazame ipo. Zilikuwa fedha za bati. Kaka yako akatoa laki sita, shangazi yako akauza mbuzi wawili, ukamalizia wewe. Upande wa magharibi wa nyumba tuliufunika kwa turubai masika yote ya 2019, na ulipokuja ukauliza, nikakuambia fundi ametukimbia. Fundi yule ni mtu mwaminifu, nimemsingizia miaka mingi na sasa naandika ili nimsafishe.

Sijawahi kukuomba radhi kwa lile neno. Nakuomba sasa.

Lakini haya yote hayajibu swali lako, najua. Mama yenu ameketi hapa anasema, "Umwambie abaki, basi, si ndiyo unachosema?" Si ndicho ninachosema. Ngoja nikueleze kinachonitatiza usiku.

Posta na Simu ilipogawanywa, 1994 tukawa Shirika la Posta peke yetu, bado tulikuwa na foleni dirishani. Miaka ikaenda, simu za mkononi zikaingia, gunia likapungua. Nakumbuka miaka yangu ya mwisho kulikuwa na siku sikuulizwa barua na mtu hata mmoja. Mtu akija, amekuja kulipia sanduku au kuulizia njia. Na mshahara ulikuja, tarehe ile ile, na kwa mshahara ule kaka yako alisoma na wewe ukasoma. Basi kwa neno langu mwenyewe, miaka ile sikuwa na kazi. Nilikuwa na mshahara tu. Na wewe, ulipokuwa chini ya mparachichi, ulikuwa na kazi, ila mshahara huna. Nimeligeuza jambo hili juu chini na chini juu. Mshahara usio na wenye kukuulizia unakulisha, lakini unazeeka haraka. Nilizeeka zaidi miaka ile sita kuliko thelathini ya kwanza. Lakini wenye kukuulizia hawalipi kodi ya chumba! Watu wote 31 wa daftari langu, hakuna aliyeuliza unakula nini. Hata mmoja. Niliona hilo na nikaumia kwa ajili yako, ingawa siwalaumu, nani anauliza mtu wa posta amekula nini?

Tena kuna jambo wewe mwenyewe uliniambia Idi iliyopita, na ukabadilisha maneno haraka. Siku hizi kuna makundi ya WhatsApp ya wakulima, bei inafika kwa sauti kabla hujapanda daladala, na wasomaji wako wanapungua hata ukiwa mzima. Nilikusikia. Niliijua ile sauti, ndiyo tuliyokuwa nayo ofisini gunia lilipoanza kuwa jepesi. Hakuna aliyetwambia lini tuondoke. Kama kungekuwa na mtu aliyenijia 2005 na mkataba wa miaka mitatu, sijui. Pengine ningekwenda. Pengine ningebaki, kwa sababu ya ile milio ya muhuri asubuhi. Sijui, mwanangu, na mimi ndiye baba.

Halafu najijibu: gunia la barua lilikuwa jepesi lakini lile jingine, la vifurushi, likawa zito. Watu hawakuacha kutumiana vitu, waliacha karatasi. Pengine nawe hawajaacha kukuhitaji, wameacha ile njia. Makundi ya WhatsApp yanasema bei, sawa. Nani amelipima gunia? Nani amekaa na fedha ya muuza dawa siku nne akairudisha? Kijana wa kijiweni Soni aliniambia mwezi uliopita kwamba bei ya kwenye kundi anaisikiliza, kisha anafungua yako kuthibitisha.

Naona nimeanza kuegemea upande. Naweka kalamu, nisali Magharibi, nirudi.

Nimerudi. Sitakuambia nenda, sitakuambia baki. Ulimi unaniwasha, na mama yenu ananitazama, lakini mara ya mwisho nilipotoa hukumu juu ya kazi yako ilichukua nusu mwaka na bati za nyumba kuirekebisha. Nitasema mambo mawili madogo tu ambayo si hukumu. Ukienda Dodoma, waulize kwa maandishi, siyo kwa mdomo, kama marufuku yao inahusu blogu nzima au hata bei za Jumatatu. Watu wa ofisi mara nyingi hukataza kwa jumla kile ambacho hawakijui kwa undani. Ukibaki, nenda NSSF, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ukajiandikishe kuchangia mwenyewe, hata kidogo, kila mwezi, na uchague siku moja ya wiki ambayo simu inalala kabatini. Siku moja. Hata Posta ilifungwa Jumapili na dunia haikuharibika.

Na huo uchovu, njoo ulale nyumbani wiki moja kabla ya kuwajibu. Chumba cha magharibi sasa hakivuji.

Daftari nimelifunga pamoja na barua hii. Nimelituma kwa rejista, utasaini. Usome majina taratibu. Wengine wamefariki, mama wa Mlalo Mungu amrehemu ni mmoja wao. Kurasa za nyuma ni tupu, sikuandika tena uliporudi kuandika.

Salamu kutoka kwa mama yenu, kaka yako, shangazi yako na jirani wote. Mjomba wako naye yuko hapa mlangoni, anasubiri nimalize. Anapakia Alhamisi usiku, karoti magunia kumi na mawili, na anasema hapigi simu kwa dalali mpaka akusikie. Anauliza Ilala inasemaje.

Wako,
Baba